Kupiga Picha za Ndege kwa Karibu: Namna ya Kuweka Fokasi kwenye Jicho na Kupanga Fremu

Wanaoanza kupiga picha za ndege huuliza maswali yaleyale. Kwa nini kamera ililia na kuonyesha alama ya kijani kwamba fokasi imeshika, lakini picha ilipokuzwa kwenye kompyuta jicho lilikuwa na ukungu huku manyoya ya bawa yakihesabika moja moja? Kwa nini ndege aliyekuwa karibu kiasi cha kusikika akikwaruza gome la mti anaonekana mdogo katikati ya picha tupu? Kwa nini tawi la nyuma limemwota kichwani kama pembe? Mara nyingi muulizaji amekwisha kuihukumu lenzi yake, na anachotaka ni kuambiwa tu anunue ipi. Mwongozo huu unamwomba aiache pesa yake mfukoni kwa muda, kwa sababu kasoro nyingi za picha za karibu hutoka mahali pawili: nukta ya fokasi (alama inayoonyesha mahali kamera inapofokasi) iliyoangukia pasipo jicho, na mpiga picha aliyesimama mahali pasipofaa.

Picha inayozungumziwa hapa ni ya ndege aliyetua na kujaza sehemu kubwa ya fremu, iwe ni kichwa na kifua tu au mwili mzima pamoja na kitawi alichokishika. Ndege anayeruka ana utaratibu wake mwingine, na hahusiki hapa.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Kamera yoyote inayobadilishwa lenzi inatosha, ilimradi ikuruhusu kuchagua mwenyewe nukta ya fokasi na iwe na hali ya kufokasi mfululizo, yaani kuendelea kurekebisha fokasi ndege anaposogea. Kamera mpya zisizo na kioo ndani, kama Canon EOS R5 iliyotoka mwaka 2020, zinaweza kulitafuta jicho la ndege zenyewe na kuling'ang'ania. Huo ni msaada mkubwa, lakini kukosa kamera ya namna hiyo si sababu ya kutoanza.

Lenzi iwe na urefu wa fokasi wa milimita 300 au zaidi; namba hiyo hupima uwezo wake wa kuvuta vitu vya mbali, si urefu wa umbo lake. Kwenye kamera yenye sensa ndogo (sensa ni sehemu ya ndani inayopokea picha), lenzi ya milimita 300 huona eneo linalolingana na lile la takriban milimita 450 kwenye sensa kamili, kwa hiyo mwenye kamera ya bei ya kawaida hayuko nyuma kama anavyodhani. Lenzi za kuvuta za 100-400 na 150-600 ndizo zinazotumika sana. Kabla ya kutoka nyumbani, tazama umbali wa chini kabisa ambao lenzi yako inaweza kufokasi. Umeandikwa kwenye mwili wa lenzi au kwenye kijitabu chake. Lenzi ambayo haifokasi chini ya mita 2.7 haitakusaidia ndege mdogo kama chozi akikujia hatua mbili tu kutoka ulipoketi. Itabidi urudi nyuma wewe. Ukitaka kuusogeza umbali huo karibu zaidi, zipo pete tupu zinazowekwa kati ya kamera na lenzi, lakini ukizivaa lenzi haitaweza tena kufokasi vitu vya mbali mpaka uzivue.

Beba pia kitu cha kuegemezea. Mfuko wa kitambaa kigumu uliojazwa mchele au maharage na kushonwa mdomo hufanya kazi nzuri kuliko stendi nyingi za bei ya chini, kwa sababu hulala juu ya dirisha la gari, ukuta au ardhi bila kuyumba. Gunia au mkeka mchakavu wa kulalia, betri ya akiba na memori kadi yenye nafasi vinakamilisha mzigo. Vifaa vya kuongeza urefu wa lenzi ningekushauri uviache kwanza: cha mara 1.4 kinageuza f/5.6 kuwa f/8 (namba hizi hupima tundu la lenzi; namba ikipanda, tundu hupungua), cha mara 2 kinaigeuza kuwa f/11, mwanga unapungua, na fokasi ya kamera nyingi za zamani huanza kupapasa au kukataa kabisa.

Hitaji la mwisho ni ndege aliyezoea watu, na hili lina uzito kuliko vifaa vyote vilivyotajwa. Usianze na ndege adimu wa msituni. Nenda City Park au Arboretum jijini Nairobi, bustani ya mimea ya Entebbe, ufukwe wa Dunga pale Kisumu ambako ndege husubiri mabaki ya samaki, au kando ya ziwa Mwanza ambako marabu hutembea miongoni mwa watu. Ukiwa Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar, unaye kunguru, ambaye watu wengi hawampendi, na si bila sababu, maana aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 na kuanzia hapo amekuwa msumbufu kwa ndege wenyeji na kwa wenye vifaranga. Hata hivyo, kwa mazoezi ni mwalimu mkali: haogopi, manyoya ya uso wake ni meusi, na jicho lake ni jeusi vilevile. Ukiweza kutoa jicho la kunguru likiwa safi, utaliweza la ndege yeyote.

Nadharia kidogo tu

Kwa picha za karibu, sehemu inayoonekana kuwa wazi mbele na nyuma ya nukta ya fokasi ni nyembamba mno. Chukua lenzi ya milimita 400 iliyofunguliwa f/5.6 kwenye kamera ya sensa ndogo: ndege akiwa mita 5, unene wa sehemu hiyo ni takriban sentimita 3.5 tu, akiwa mita 3, unabaki kama sentimita 1.3. Mdomo wa hondohondo peke yake unazidi hapo mara kadhaa. Ndiyo maana nukta ikitua begani, jicho linakuwa limekwisha kutoka nje ya sehemu hiyo, na kamera haijakosea popote, kwa kuwa imefokasi pale pale ilipoelekezwa.

Hatua kwa hatua

1. Chagua mahali pa kukaa kabla ya kuchagua ndege.

Jua liwe mgongoni kwako, kivuli chako kielekee upande ambao ndege atatua. Katika nchi zetu zilizo karibu na ikweta jua hupanda karibu wima, kwa hiyo mwanga laini wa asubuhi hauchukui muda mrefu: kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa tatu hivi ndio muda wa kazi, kisha tena kuanzia saa kumi jioni. Siku ya mawingu mepesi unaweza kuendelea hadi mchana, na kwa ndege weupe au weusi mimi naipenda kuliko siku ya jua.

Kisha tazama kilicho nyuma ya kitawi, ukuta au jiwe ambalo ndege hupenda kutua. Mandharinyuma yakiwa mbali, mita 10 au zaidi nyuma yake, yatayeyuka na kuwa rangi moja tulivu. Yakiwa nusu mita tu, hakuna lenzi itakayoyaficha majani yale. Hatua moja kushoto au kulia hutosha mara nyingi kuondoa nguzo ya umeme au doa jeupe la anga linalopenya kati ya matawi. Fanya marekebisho haya wakati kitawi bado ni kitupu, kwa sababu ndege akishatua hutakuwa na nafasi ya kutembeatembea.

Mwisho, shuka. Lenzi ikiwa sawa na jicho la ndege, picha inakuwa ya kumtazama usoni. Ikimtazama kutoka juu, inakuwa picha ya mgongo wake. Kwa ndege wa ardhini na wa majini, hii ina maana ya kulala kifudifudi juu ya lile gunia. Kwa ndege wa mitini, tafuta baraza, ngazi au mteremko unaokupandisha hadi usawa wao, kwa sababu picha iliyopigwa kutoka chini dhidi ya anga nyeupe humtoa ndege akiwa kivuli chenye tumbo.

2. Panga kamera kabla ndege hajafika.

Anza na f/5.6 hadi f/8. Kasi ya shata iwe 1/1000 ya sekunde kwa ndege wadogo wasiotulia kama chozi na mnana. Kwa ndege mkubwa anayesimama tuli, kama marabu au furukombe, 1/500 inaweza kutosha. ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, iachie kamera ijiamulie yenyewe, ukiiwekea kikomo cha 3200 au 6400 kulingana na umri wa kamera yako. Wengi huogopa chengachenga za ISO kubwa kisha hushusha kasi hadi 1/200, na matokeo yake ni picha isiyo na chenga na isiyo na jicho. Chenga hupunguzwa kwa programu, lakini mtikisiko haurekebishiki.

Kuhusu mwangaza, usikariri kanuni ya rangi peke yake. Yangeyange anayeonekana mdogo katika fremu yenye maji meusi ataungua awe karatasi nyeupe, kwa hiyo punguza mwangaza nusu hatua hadi hatua nzima kwenye kipimo cha kamera. Yangeyange huyohuyo akijaza fremu, kamera itaona weupe mwingi na kumfanya wa kijivu, kwa hiyo ongeza. Kwa kunguru ni kinyume chake. Washa alama ya kuonya inayometa pale sehemu nyeupe zinapoungua; hiyo itakuambia ukweli kuliko mwonekano wa kioo cha kamera juani.

3. Weka fokasi ya mfululizo na nukta ndogo.

Hali hii huitwa AF-C kwenye Nikon na Sony, na Servo kwenye Canon. Hata ndege aliyetua huyumba na kitawi, hujisogeza na kuinama, na sentimita moja ya kuyumba imekwisha kula unene wote wa fokasi. Chagua nukta moja, au kundi dogo kabisa la nukta. Ukiiachia kamera ichague katika eneo lote, itashika kilicho karibu nayo zaidi, ambacho kwa kawaida ni bawa, kifua au jani la mbele. Kama kamera yako ina utambuzi wa jicho la ndege, iwashe, lakini ibakize nukta moja kwenye kitufe kingine kwa ajili ya wakati ndege yuko ndani ya majani na utambuzi huo unashindwa.

Tahadhari: usifokasi jichoni kwa nukta ya katikati halafu ukageuza kamera ili kupanga fremu. Njia hii inafaa kwa picha ya mtu aliye mbali kidogo. Kwa ndege aliye mita 3, ukiyumba sentimita moja tu wakati wa kugeuza, umeliacha jicho nje. Isitoshe, katika hali ya mfululizo kamera itafokasi upya mahali nukta ilipohamia. Sogeza nukta yenyewe hadi kwenye jicho, na ujizoeze kuisogeza kwa kidole gumba bila kutoa jicho lako kwenye kidirisha cha kutazamia.

4. Msogelee kwa mshazari, na ujue wakati wa kusimama.

Usimwendee ndege moja kwa moja ukimkazia macho. Tembea kwa mshazari, simama mara kwa mara, piga picha chache ukiwa bado mbali ili azoee mlio wa shata, kisha sogea tena. Akinyoosha shingo, akibana manyoya mwilini na kuinama mbele, anajiandaa kuruka. Akinya ghafla, mara nyingi sekunde chache zinazofuata hayupo. Ukiona dalili hizo, simama au rudi hatua moja. Anayeendelea kujichana manyoya au kula amekukubali.

Ndani ya hifadhi hutoki garini isipokuwa mahali paliporuhusiwa, lakini gari ni kificho kizuri kuliko hema. Mwombe dereva azime injini kabisa, kwa kuwa mtikisiko wake hufika kwenye lenzi kupitia dirisha, na wote walioketi nyuma waache kuhamahama wakati unapiga.

Tahadhari: kaa mbali na viota. Ndege akikuchelea kurudi kwenye kiota chake, mayai hupoa au kuchomwa na jua, na kunguru anayekutazama wewe hujifunza pa kwenda ukishaondoka. Usikate matawi ili upate nafasi ya picha, wala usicheze sauti zilizorekodiwa kwa simu ili kumwita ndege, kwa kuwa anayeitika huacha kula na kulisha ili kuja kupigana na mpinzani ambaye hayupo.

5. Tafuta ukingo wa kushikia fokasi jichoni.

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Mfumo wa fokasi hutafuta tofauti ya mwanga na giza, na jicho la ndege si rahisi kwake kila mara. Kwenzi mwenye tumbo la rangi ya machungwa na mkanda mweupe, yule anayejazana kwenye meza za kulia chakula hifadhini, ana jicho jeupe katikati ya kichwa cheusi, na fokasi humnasa papo hapo. Shore, ambaye yuko karibu kila ua, ana jicho jeusi ndani ya kichwa cheusi, na nukta ikitua pale inaweza kupapasa isipate pa kushika.

Kwa ndege wa namna ya shore usilenge katikati ya jicho. Lenga ukingo ambapo mzunguko wa jicho unakutana na manyoya, au subiri ageuke hadi mwanga wa anga uingie jichoni na kufanya nukta ndogo nyeupe. Nukta hiyo huipa kamera kitu cha kushika. Mdiria mweusi na mweupe, anayeonekana kwa wingi Ziwa Victoria, ana jicho lililozama ndani ya utepe mweusi, lakini juu yake kidogo upo mstari mweupe kama nyusi. Weka nukta kwenye mpaka wa mstari huo na utepe. Upo umbali uleule na jicho, na fokasi ikishika pale, jicho nalo linakuwa limeshikwa.

Ndege akikukabili kwa pembe, macho mawili yanaonekana lakini hayawi umbali mmoja. Chagua la karibu, kila mara. Jicho la mbali likiwa na ukungu hakuna atakayelalamika. La karibu likiwa na ukungu, picha imekwisha hata kama kila unyoya wa shavuni umetoka.

Marabu anastahili maneno machache peke yake. Ngozi ya kichwa chake, isiyo na manyoya na yenye makovumakovu, hushikwa na fokasi bila shida yoyote, na hapo ndipo wengi hunaswa: alama ya kijani inawaka wakati nukta imetua kwenye shavu au kwenye shina la mdomo, mbele kidogo ya jicho. Kwake, piga kwanza akiwa amekupa upande kamili, ili jicho na mdomo wote viwe umbali mmoja na kamera. Picha ya kumkabili uso kwa uso inapendeza pia, ila kubali mapema kwamba ncha ya mdomo itapotea kwenye ukungu, na usijaribu kuiokoa kwa kuweka fokasi katikati ya mdomo, kwa sababu utapoteza vyote viwili.

6. Subiri kichwa, kisha piga kwa mafungu mafupi.

Ndege hageuzi kichwa taratibu kama mtu. Hukirusha kwa mikato, na kati ya mkato na mkato kuna utulivu mfupi sana. Picha hupigwa ndani ya utulivu huo. Shikilia fokasi jichoni muda wote, na mara tu kichwa kinapotulia piga fungu la picha nne au tano, kisha acha. Anayekandamiza kitufe mfululizo hadi memori ya kamera ijae huukosa utulivu ulio bora, kwa sababu wakati huo kamera inahangaika kuandika picha kwenye kadi.

Utulivu unaotafutwa ni ule ambao kichwa kimeelekea kwako kidogo tu kupita upande kamili. Kikikupa kisogo hata kidogo, mtazamaji anahisi amepuuzwa. Kikiwa upande kamili, picha ni sahihi lakini baridi. Kikigeuka kidogo kuja kwako, ndege anaonekana kukutazama huku mstari wa mdomo wake ukisomeka bado. Kuna watu wanaotupa picha zote zisizo na nukta ya mwanga jichoni. Mimi sifiki huko, lakini nikiwa na mbili zinazofanana, yenye nukta hiyo ndiyo hubaki.

7. Panga fremu kwa uamuzi, isiwe kwa bahati.

Amua mapema kama unapiga ndege mzima au kichwa na kifua. Picha zinazosumbua macho ni zile za katikati: mkia uliokatwa ncha kwa sentimita moja, vidole vya mguu vilivyobaki nje, bawa lililoguswa na ukingo. Ukikata, kata kwa kiasi kinachoonyesha kwamba ulikusudia, yaani kifuani au chini kidogo ya bega. Usipokata, acha nafasi pande zote, pamoja na sehemu ya kitawi chini ya miguu ili asionekane ananing'inia.

Acha nafasi zaidi upande anaotazama kuliko upande wa kisogo. Ndege mrefu, kama korongo au yangeyange aliyenyoosha shingo, anadai kamera isimamishwe wima, na wanaoanza husahau jambo hili kiasi kwamba nafasi tupu za kushoto na kulia huchukua zaidi ya nusu ya picha. Usibane mno, hata hivyo. Ndege akiinua bawa au kugeuka utahitaji ukingo, na picha ya megapikseli 24, ambayo ina upana wa pikseli 6000 na urefu wa 4000, ukiikata nusu kila upande bado inakuachia megapikseli 6, zinazotosha kwa simu na hata kwa karatasi ya A4. Zaidi ya hapo usikate. Sogea karibu siku nyingine.

8. Kagua palepale.

Baada ya mafungu mawili ya mwanzo, kuza picha kwenye kioo cha kamera hadi asilimia 100 na utazame jicho tu. Picha ndogo kwenye kioo kidogo huonekana safi daima. Kamera nyingi hukuruhusu kupanga kitufe kimoja kikupeleke moja kwa moja hadi mahali nukta ya fokasi ilipokuwa. Kipange sasa, kitakuokolea muda.

9. Chuja nyumbani bila huruma.

Futa kwanza zote ambazo jicho halikushikwa, bila kujali uzuri wa rangi au mandharinyuma. Kuongeza ukali kwa programu husaidia jicho ambalo limekwisha kuwa kali. Kwa jicho lenye ukungu huzalisha kingo ngumu zisizo za asili.

Ikiwa mambo bado hayaendi

Picha yote ina ukungu, hata kitawi. Huo ni mtikisiko wa mkono au kasi ndogo ya shata, si fokasi. Pandisha kasi, egemeza lenzi kwenye mfuko wa mchele, na kama umeiweka kwenye stendi, jaribu kuzima kidhibiti mtikisiko cha lenzi, kwa kuwa baadhi ya lenzi za zamani huchanganyikiwa zikiwa zimetulia.

Majani ya mbele ni makali, ndege ana ukungu. Nukta ni kubwa kuliko mwanya uliopo. Chagua iliyo ndogo zaidi, izungushe kwanza pete ya fokasi kwa mkono hadi ndege aanze kuonekana, ndipo ubonyeze kitufe. Kamera huanzia utafutaji wake pale ulipoiachia.

Fokasi huangukia nyuma au mbele ya jicho kila mara, kwa kiasi kilekile. Panga visanduku vitatu vya viberiti mezani kwa mshazari, kimoja nyuma ya kingine, weka kamera kwenye stendi na ufokasi cha katikati mara kadhaa. Kama kilicho kali ni cha mbele au cha nyuma daima, kamera yenye kioo ndani huenda inahitaji marekebisho madogo ya fokasi, ambayo kwenye kamera nyingi za kiwango cha kati yamo ndani ya menyu. Kama cha katikati kinatoka safi, tatizo liko kwenye mahali unapoiweka nukta. Rudi hatua ya 5.

Lenzi inaenda na kurudi bila kushika. Huenda umekaribia kuliko umbali wake wa chini. Kabla ya kurudi nyuma, tazama swichi ndogo iliyo ubavuni mwa lenzi inayozuia fokasi ya karibu. Watu huisukuma bila kujua wakati wa kuitoa kwenye begi, kisha huipeleka lenzi kwa fundi.

Jicho limetoka jeupe au la buluu iliyofifia. Ndege ana utando mwembamba unaopita juu ya jicho, kope la tatu, na ulimnasa akiufunga. Hakuna marekebisho hapa zaidi ya kupiga fungu jingine.

Asubuhi picha ni safi, mchana zote zina ukungu unaofanana na maji. Ni joto linalopanda kutoka ardhini, nalo linasumbua sana kwenye mbuga wazi na kingo za maziwa ya magadi, kama Amboseli na Natron. Hewa yenye joto inayotoka ndani ya gari lililoegeshwa juani hufanya vilevile, kwa hiyo fungua madirisha yote na usubiri ipoe kabla ya kutoa lenzi. Kilichobaki hakitibiki kwa lenzi yoyote: piga ndege walio karibu tu, au urudi kesho yake saa kumi na mbili na nusu.